Maua Mlangoni pa Mama

Mimi si mtu wa maua. Kazi yangu ni kiwandani, kwenye mashine za kukausha chai, na mtu anayetoka huko na vumbi la kahawia mpaka kwenye kope hana hamu ya kupanda kitu kisicholiwa. Lakini mwaka juzi daktari wa macho alimwambia mama kwamba presha ya ndani ya macho ilikuwa imeshamharibu yote mawili. Dawa ya matone ingechelewesha mambo tu. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kingeendelea kwenda kidogo kidogo. Niliuliza ana muda gani wa kuona, naye akasema hakuna anayejua, pengine ni miezi tu.

Tulirudi nyumbani. Nyumbani ni karibu na Kimulot, kwenye kipande cha shamba alichonunua mama baada ya kuacha kazi ya kuchuna majani ya chai katika mashamba makubwa. Alitoka Kisii akiwa msichana, akachuna mpaka mashine za kuchuna zilipoletwa. Kwetu chai inafika hadi ukuta wa jikoni. Baada yake kuna chai ya jirani, halafu msitu. Mama alisimama mlangoni akatazama huko kwa muda.

"Baba," akaniita hivyo, maana nina jina la babake. "Mimi nimeangalia kijani maisha yangu yote. Kama macho inaenda, sitaki iende na kijani peke yake. Nipandie maua. Ya kila rangi."

"Si nikununulie tu, mama? Kericho mjini wanauza."

"Hizo zinakauka kwa chupa. Nataka ya kumea hapa, nikiamka niyapate."

Basi nikaenda agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo. Majina yaliyoandikwa kwenye pakiti sikuyaelewa, nikachagua kwa picha: lile refu lenye majani membamba kama nyuzi, lile la rangi ya machungwa linalonuka ukilishika, na lile ambalo ukilibana mashavu linafungua mdomo. Nilipofungua pakiti hiyo ya mwisho nilidhani nimeibiwa. Mbegu zilikuwa laini kuliko chai ya vumbi tunayofagia chini ya mashine. Nilipiga chafya, na nusu ya bustani ikapotea.

Nilizimwaga nje, palepale mlangoni, nikangoja. Huku kwetu mvua haibishi hodi. Ilinyesha kila alasiri, asubuhi ukungu ukalala juu ya udongo, na vile vichache vilivyochipuka vikaoza shingo na kulala chini. Jirani yetu, mama mmoja Mkipsigis, alisimama kwenye uzio akacheka.

"Sasa wewe utakunywa maua na maziwa?" Kisha akanionea huruma. "Hapa mbegu inalala na baridi. Weka kwa jikoni, karibu na moto, kama vifaranga."

Nilinunua mbegu nyingine, nikakata pakiti za maziwa, nikazijaza udongo wa msituni na mbolea ya ng'ombe, nikazipanga kwenye rafu karibu na jiko la kuni. Na siku moja, nikiinama kuchukua sufuria, nikaona. Udongo ulikuwa umepata unyoya wa kijani, mdogo kiasi kwamba nilizuia pumzi nisije nikaupuliza. Mimi, mtu mzima, nilipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Kutoka kwenye vumbi lile! Kila punje ilikuwa imebeba shina, jani na rangi yake, na haikuwa imesahau kitu. Mpaka leo sijaacha kushangaa.

Mama hakuviona vimea hivyo. Alisogeza uso karibu sana, akasema, "Niambie tu vinafanana na nini."

Miche ilipopata nguvu niliihamishia mlangoni. Jioni niliifunika na majani ya migomba, kwa sababu ya mvua ya mawe. Ikafika gotini. Juu ya ile mirefu nilianza kuona vifundo vya maua, vimekaza kama ngumi. Nilijiambia kwamba tumewahi. Mama wakati huo alikuwa ameanza kupapasa kikombe mezani kabla ya kukishika, nami nilijifanya sioni.

Halafu nikarudi kutoka zamu mchana mmoja, nikamkuta amesimama katikati ya miche. Mikono yake ilikuwa inakwenda mbio, yote miwili, vidole gumba vikibana na kukata, na kila alipojaza viganja alivirusha juu ya bega. Nyuma yake, chini, palikuwa na lundo la ncha za maua yangu. Alikuwa anazitupa kwenye kikapu ambacho hakikuwa mgongoni.

Nilipiga kelele. Sina upole wa kujivunia, na siku hiyo hata ule kidogo nilionao uliniishia. "Mama! Umemaliza yote!"

Alisimama. Akagusa bega lake, akakikosa kikapu, ndipo akaelewa.

"Nilikuja kushika tu," akasema. "Mikono ikaenda yenyewe."

Akaketi kwenye kizingiti, akalia. Niliokota ncha moja. Majani mawili na kifundo katikati, safi, kama alivyofundishwa kuchuna chai akiwa msichana. Niliitazama ile miche iliyokatwa: yote ilikuwa sawasawa juu, kama meza, na aliyeikata hakuwa akiiona. Hasira ilinitoka, nikabaki na huzuni tupu. Muda wa kupanda tena hatukuwa nao.

Sikuing'oa. Sikuwa na moyo wa kuing'oa. Na chini ya kila mkato, kwenye kwapa la kila jani, kikatokea kichipukizi. Palipokuwa na shina moja pakawa na mawili, halafu manne. Nani asiyejua kwamba chai hufanya hivyo? Ukiichuna, inarudi kwa wingi. Sikuwahi kufikiri kwamba ua nalo lina tabia hiyo. Miche ilinenepa mpaka ardhi haikuonekana, lakini ilichelewa, na mimi kila asubuhi nilitazama vifundo, kisha macho ya mama.

Maua yalifunguka karibu yote kwa pamoja. Ukungu ulipopanda nilimshika mkono nikamtoa nje bila kumwambia kitu. Alisimama, mdomo wazi.

"Hiyo ni nyekundu," akasema, akinyoosha kidole. Ilikuwa nyekundu.

"Na ile ya pembeni?"

"Ni manjano. Usinijaribu." Akageuza kichwa huku na huku. "Lakini majani umepeleka wapi?"

"Majani gani, mama?"

"Yote. Ya maua, na ile chai. Kijani sioni tena. Naona maua tu, imesimama kwa hewa peke yake. Ni mingi, baba. Ni mingi sana!"

Niliinua macho. Chai ilikuwa palepale, mbichi, inapanda kilima mpaka msituni, na kwake haikuwepo tena. Sikujua nifurahi au nilie, nikafanya yote mawili.

Akanyoosha mkono. Kidole gumba na cha shahada vikapata shingo ya lile ua jekundu, vikakaa hapo. Nilizuia pumzi. Kisha akaliachia, akauficha mkono ndani ya leso, akaendelea kutazama.