Kitanda cha Keziah

Kuhusu mawe ya mpaka, Ambrose Tuffin hakuwahi kusema uongo. Kila mwaka, watu wa parokia ya Melbrook walipozunguka mpaka wao, ndiye aliyetangulia na fimbo, akigonga jiwe moja baada ya jingine, wala hakuna aliyembishia. Jiwe moja lilikuwa ndani ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Upande wa dirisha ulikuwa Melbrook. Upande wa moto, Orcham. Wenzake walimtania kwamba akipiga chafya Melbrook, dada yake anamwombea afya Orcham.

Huyo dada ni Keziah, mdogo wake. Hakuna aliyeoa wala kuolewa. Miaka hamsini walikula meza moja, wakagombania chumvi, wakapatana kabla ya kulala.

Kisha magoti ya Ambrose yakagoma, paa likaporomoka, ikawabidi waombe kutunzwa. Na sheria za wakubwa wa parokia hizo mbili zinanichefua hadi leo: maskini hutunzwa na parokia anamolala. Si alimofanya kazi, si alimozikwa mama yake. Anamolala! Na kila parokia ina nyumba yake ya maskini, maili tisa kutoka moja hadi nyingine, kwa wazee wasioweza kutembea hata maili moja.

Ambrose aliambiwa hayo mlangoni mwa ofisi ya wakubwa, Keziah akiwa ameshakalishwa chumba cha pili. Mbele ya wakubwa aliapa kwamba vitanda vyote viwili vilikuwa upande wa dirisha. Walimwamini papo hapo.

Ndipo wakamwita Keziah. Hakuna aliyemweleza, maskini wa Mungu, wanauliza kwa nini.

"Mimi nalala kando ya moto," alisema, akifurahi kupata nafasi ya kumsifu ndugu yake. "Nina kifua kibovu toka utotoni. Kaka alinipa pale penye joto, mwenyewe akalala dirishani na baridi yake, miaka yote hiyo. Na hilo mliandike."

Wakaliandika.

Nje mikokoteni miwili ilikuwa ikingoja, farasi wa mmoja akitazama Melbrook, wa mwingine Orcham. Keziah alipandishwa kwanza. Akasogea kumwachia kaka yake nafasi.

"Nimekusemea vizuri, kaka?"

Ambrose alimfunga shali shingoni, polepole.

"Umesema vizuri sana, mdogo wangu," akamwambia, na mkokoteni ukaondoka.