Kanga ya Sandukuni

Juzi, kwenye makumbusho ya watu wetu waliohama Unguja kuja Maskati, niliona kanga kuukuu ndani ya kioo, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Sib, pembeni mwa Maskati. Sandukuni mwake Bibi alikuwa na kanga ya mamake, ambaye alimwacha Unguja alipohama, wala hakumwona tena. Kila akishainusa hulifunga sanduku upesi, nami nikidhani anaona haya kwa ile harufu ya jasho na udi wa mamake iliyobaki kwenye kanga.

Siku hiyo alipolala, niliifua kwa sabuni ya unga, nikaianika juani.

“Nimekufulia, Bibi.”

Aliipeleka puani, akaigeuza upande wa pili, akainusa tena.

“Nnashukuru, mwanangu. Imetakata.”

Akaikunja, akairudisha mahali pake. Tangu siku ile hakulifunga tena lile sanduku.