Mikono Mfukoni

Kijana huyu alikuwa kitinda mimba, na kabla hujamcheka kwa aliyoyafanya, hilo ulijue kwanza. Mbele yake walizaliwa dada watupu, na kila mmoja alimlea kana kwamba ndiye aliyemzaa. Huyu akimwogesha, yule ameshashika taulo. Huyu akimlisha, yule anampulizia kijiko kisimuunguze. Alifika sekondari dada yake mkubwa bado anamfunga kamba za viatu, naye amekaa kitini kwa raha zake, anatafuna mkate. Majirani walisema mtoto anaharibiwa. Dada zake wakawajibu kwamba kila mtu alee wake.

Basi huyo ndiye aliyepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea uhandisi. Dada zake walimfungia sanduku, wakamfungia zipu ya koti, na lau wangeruhusiwa kupanda, wangemfungia hata mkanda wa kiti cha ndege.

Huko alikiona cha mtema kuni. Alipewa chumba ghorofa ya juu kwenye bweni la wanafunzi, chenye kitanda, meza, na dirisha lililotazamana na ukuta wa jengo la pili. Wali wake wa kwanza ulitoka uji juu, mkaa chini. Mashati yake meupe aliyatia kwenye mashine ya kufulia pamoja na soksi nyekundu, akayatoa yote yana rangi ya waridi, akayavaa hivyohivyo darasani. Hayo yote angeyavumilia. Kilichomtafuna ni kwamba siku nzima ilipita bila mtu kumuuliza kama amekula. Usiku alijifunika blanketi hadi kichwani, akawakumbuka dada zake mmoja mmoja, na mara nyingine machozi yalimtoka.

Siku moja kwenye mkahawa wa chuo aliona tangazo. Kituo cha watoto wenye matatizo ya viungo kilitafuta watu wa kujitolea. Hakuwa na uzoefu wowote na watoto, maana tangu azaliwe mtoto alikuwa yeye. Lakini watoto wana kelele, na yeye alikuwa amechoka na ukimya. Akampigia simu dada yake mkubwa kumpa habari.

"Wewe ukalee watoto?" dada yake akaangua kicheko. "Na wewe nani anakulea huko?"

Kituo kilikuwa na ukumbi wa sakafu ya mbao, viti vidogo vya rangi, na ukuta wenye vigingi vya kutundikia makoti, vilivyowekwa chini kabisa, kimo cha mtoto. Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwenye sauti ya chini na mwendo wa haraka. Alimpa aproni yenye mfuko mmoja mpana tumboni.

"Huu mfuko ni wa kuwekea nini?" kijana akauliza.

"Mikono yako."

Kijana akacheka. Msimamizi hakucheka.

"Mtoto akivaa, akila, akifungua mlango, mikono yako inakaa humo," akamweleza. "Akianguka, itoe upesi umdake. Akikwama, msemeshe, mtie moyo, mwimbie ukitaka. Lakini kazi ya mkono wake usiifanye wewe."

"Na akilia je?"

"Atalia. Wewe kaa naye."

Kijana akaitikia kwa adabu, ila moyoni akasema huyu mama ana roho ya jiwe. Kwao, mtu mzima akikaa mikono mitupu huku mtoto anahangaika mbele yake, hata wapita njia wangemsimanga.

Watoto walimwita Mjomba Mrefu, na ndani ya wiki chache walikuwa wanamkwea kama ngazi. Aliyemganda zaidi ni binti mdogo aliyeitwa Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Chiriku aliugua akiwa mchanga, na tangu hapo mkono wake wa kushoto ulibaki mzito, vidole vimejikunja, hausikii la kuambiwa. Alikuwa na pacha wake, mvulana, aliyekwisha kuanza shule ya mtaani kwao. Kila asubuhi pacha anabeba mkoba anaondoka, Chiriku anabaki dirishani.

"Na mimi nitaenda," alimwambia kijana siku ya kwanza tu, kabla hata ya kumuuliza anatoka wapi. "Ila mpaka niweze koti."

Ndivyo ilivyokuwa. Darasa la shule ile lilikuwa na mwalimu mmoja na watoto tele, na nchi yenyewe ni ya baridi, mtoto hatoki uwanjani bila koti. Hapakuwa na mtu wa kumvika mtoto mmoja huku wengine wanasubiri. Msimamizi na mwalimu mkuu walikuwa wamekubaliana: siku Chiriku atakapokuwa tayari, mwalimu mkuu atakuja kumwona akivaa koti lake na kufunga vifungo vyote mwenyewe. Akiweza, muhula ujao anaanza pamoja na pacha wake. Asipoweza, atangoja.

Na koti lenyewe lilikuwa adui. Chiriku angelitia mabegani vizuri, kisha akifika kwenye vifungo, kidole gumba kinateleza, kitundu kinakimbia, ulimi umemtoka nje kwa bidii, macho yanajaa maji. Kijana alisimama mbele yake, mikono mfukoni, anatokwa jasho kuliko mtoto.

Jioni moja msimamizi aliitwa ofisini kupokea simu. Kijana akatazama huku na huku, akapiga magoti, akamfunga kifungo cha juu. Kimoja tu, jamani. Chiriku akatabasamu, akamwegemezea kichwa kifuani akasema, "Asante, Mjomba." Tangu dada zake walipomkumbatia uwanja wa ndege, hakuna binadamu aliyekuwa amemgusa kwa upendo. Hebu niambie, wewe ungeishia kifungo kimoja?

Ikawa ndio desturi yao. Saa ya kurudi nyumbani ikifika, wanajibanza kwenye kona ya makoti, Chiriku anainua kidevu juu kama bibi harusi, na Mjomba anafunga vyote, chap chap. Halafu wanatoka wamekaa kimya kama si wao. Kijana alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Maisha yake yote alikuwa wa mwisho, hakuna aliyekuja nyuma yake, na sasa alikuwa na wa kumlea. "Nimepata mdogo wangu," alimwambia dada yake kwenye simu, na dada yake akafurahi naye.

Kumbe msimamizi naye alikuwa anatazama. Kila jioni alimwona Chiriku akitoka kwenye kona ile koti limefungwa sawasawa, na mazoezini akimwona anakwama, akajiambia labda anaona aibu akitazamwa. Mtu aliyezoea kuaminiana na wenzake hakai kuchunguza makona. Akampigia simu mwalimu mkuu: njoo, mtoto yuko tayari.

Kijana alisikia habari hiyo siku ileile ya kupimwa, alipokuwa anafunga kamba za aproni.  Angesema palepale, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshaingia na kukaa kwenye kiti kidogo cha bluu, magoti yamemfika kidevuni, na mama yake Chiriku amesimama mlangoni, anatabasamu.

Chiriku akachukua koti kigingini. Akaingiza mkono mzito kwanza, kama alivyofundishwa, kisha ule mwingine. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu Chiriku akasimama wima, akainua kidevu juu, akangoja.

Watu wote wakangoja pamoja naye.

"Endelea, mama," msimamizi akasema polepole.

Chiriku akageuza uso. "Mjomba, njoo basi."

Kijana hakusogea. Mikono ilikuwa mfukoni, na kwa mara ya kwanza ilikuwa humo kwa woga. Chiriku akajaribu, kidole kikateleza, akajaribu tena, kisha akamgeukia mwalimu mkuu na kumweleza bila hila yoyote, "Huwa ananifunga yeye." Akaanza kulia.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimfuta Chiriku machozi, akasema atapita tena mara moja kabla muhula haujafunguliwa, lakini zaidi ya hapo hana la kufanya. Mama yake Chiriku alimvua mwanawe lile koti taratibu, kisha akamjia kijana.

"Kaka yangu," akasema, "mwenzake kila jioni anamsimulia mambo ya shule. Na huyu kila jioni ananiuliza, mama, mimi lini? Leo nikamwambie nini?"

 Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, ila hapa mwana alilia pia, na mama yake vilevile, na msimamizi macho yalikuwa mekundu. Watu walipotoka, kijana akavua aproni na kumkabidhi msimamizi.

"Nimeharibu, mama. Bora niondoke."

"Ukiondoka leo atadhani umemkasirikia," msimamizi akamjibu, na sauti yake ilikuwa kali. "Na mimi pia nimekosea. Nilimwona anakwama mazoezini, nikajipa majibu niliyoyapenda. Nieleze kitu kimoja. Kwenu, vifungo vyako alikuwa anafunga nani?"

"Dada zangu."

"Mpaka lini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Mpaka uwanja wa ndege."

Msimamizi alilitazama jitu zima lile lenye shati la waridi, na kicheko kikamponyoka, mwenyewe bila kutaka. Kisha akamrudishia aproni.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Msimamizi alimwonyesha Chiriku upya: kaa kitini, bana pindo la koti kwa mkono mzito, libane juu ya paja hata kama vidole havitaki, anza na kifungo cha chini, sukuma kwa gumba, vuta kwa kidole cha pili. Kijana akakaa kiti cha jirani, mkono wake wa kushoto ameuficha mfukoni, anahangaika na koti lake mwenyewe kwa mkono mmoja. Alidhani ni mchezo. Alijaribu mpaka akatukana kimoyomoyo. Ndipo alipoelewa kwamba kila jioni pale kwenye kona alikuwa anamnyang'anya Chiriku nafasi ya kujifunza, na aibu ikamwingia upya, kubwa kuliko ile ya siku ya kupimwa.

"Wewe hujui hata kidogo, Mjomba!" Chiriku alimcheka.

Lakini siku nyingine hakucheka. Siku nyingine alilitupa koti sakafuni na kulikanyaga. "Sikupendi! Zamani ulikuwa unanifunga! Zamani ulikuwa mzuri!" Kijana alikaa pale, mikono mfukoni, akasema yuko hapohapo, haendi popote. Neno lile lilimchoma mpaka akarudi bwenini bila kula. Kesho yake alirudi kituoni, na Chiriku akarudi kwenye kiti chake, na koti likaokotwa.

Mwalimu mkuu alipokuja tena, kijana alikuwa amejiandaa kuliko mtihani wowote wa chuo. Alichagua mahali pa kusimama, karibu ya kutosha kumtia mtoto moyo, mbali ya kutosha asishawishike. Alikuwa ameapa kwamba hata Chiriku alie damu, mikono haitoki. Mama yake Chiriku alikuja na pacha pia, naye akaambiwa angoje nje langoni.

Chiriku akatoa koti kigingini, akaketi. Akamtazama Mjomba wake kwa muda mrefu. Kisha akamwita msimamizi, na akasema, wala si kwa sauti ya chini, maana huyo hakuwahi kuwa nayo:

"Mjomba atoke nje."

"Kwa nini, mama? Umemkasirikia?"

"Hapana. Akiwepo yeye, mkono wangu unamsubiri."

 Kijana alitikisa kichwa kukubali, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Akasimama nje ya ukumbi, amekabili mlango uliofungwa. Aliyekuwa tayari kwa kila kitu hakuwa tayari kwa hili la kutokuwepo. Alisikia kiti kikisogea. Alisikia pumzi nzito za mtoto, kisha kilio kifupi cha hasira, kisha kitu kikigonga sakafu. Mkono wake ulifika kwenye kitasa. Akautazama ule mkono kama si wake, akauondoa. Kukawa kimya, kimya kirefu, naye hakujua ni kimya cha kushindwa au cha kazi. Alitamani mtu amwambie. Hakuna aliyemwambia.

Halafu akasikia kiti cha mwalimu mkuu kikilia, na makofi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo na Chiriku akatoka mbio. Koti lilikuwa limefungwa chini mpaka juu, ukosi wa upande mmoja umejikunjia ndani. Alipita ubavuni mwa Mjomba wake bila kusimama, akalishika lango, akamwita pacha wake kwa sauti ya kupasua masikio, na wote wawili wakaanza kurukaruka pale nje kwenye baridi.

Mama yake alitoka nyuma, anajifuta uso kwa kiganja. Akasimama mbele ya kijana na kumshika mkono.

"Nilikuwa namwangalia yeye tu," akamwambia. "Tangu ulipotoka, kaka, hakutazama mlangoni hata mara moja."

Kijana akamshukuru. Alifurahi, na palepale akaumia, na akabaki amesimama akiwatazama wale watoto wawili mpaka walipokunja kona.