Mionzi ya Mara ya Pili

"Hivi mama, mnamrudisha tena kwenye mionzi ya nini? Si mumwache kaka yako apumzike?" Jirani alimuuliza hivyo dada wa fundi viatu, bila hata kushusha sauti. Fundi alikuwa papo hapo barazani. Saratani ya mapafu ilikuwa imemrudia, na kila akikohoa aligonga kisigino cha kiatu kwa hasira zaidi, misumari ikiwa midomoni ingawa alishakatazwa. Safari hii aliitema kiganjani. "Apumzike nani? Umeniona nimelala? Huruma yenu hii ndiyo inayonizika!" Dada, ambaye moyoni alishaanza kuwaza kama jirani, aliinama. Fundi akaivuta fulana iliyokuwa ikikwaruza ngozi ya kifuani iliyounguzwa na mionzi ya mara ya kwanza. "Dada, nitafutie shati la vifungo. Kesho naenda kumwambia daktari anichome tena."