Mlango wa Upande wa Mama

Gari la marehemu baba lilinizidi umri kwa miaka mingi, na mlango wa abiria ulikuwa umelegea tangu nikiwa mdogo. Bawaba zake zilikuwa zimelika. Ukitaka kuufunga ilibidi uushike kwa chini, uuinue, kisha uusukume kwa paja. Aliyeuweza ni baba peke yake. Mama alikuwa akipanda, anakaa, anasubiri baba azunguke aje amfungie. Tuliporudi kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka ukimbizini, nyumba haikuwa na mlango hata mmoja, ila huo wa gari ulikuwapo.

Baba alipofariki sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu. Nilipika, nilifua, nilipokea wageni wa matanga, na ndani yangu hamna kitu. Mama akakaa eda. Zilipobaki siku tatu akaniambia jambo moja tu: akitoka, anataka kwenda Quionga kwa dada yake, na anataka kwenda na gari lile.

Fundi nisingeweza kumwita. Gari liko uani, mbele ya baraza anapokaa mama, na mwenye eda haonwi na mwanamume asiye maharimu. Nimfungie chumbani kutwa kwa ajili ya bawaba? Nikavaa suruali ya baba, nikaifanya kazi mwenyewe. Nimekua nikimshikia spana, si kwamba sijui.

Nilipopekua sanduku lake kutafuta nyundo, nikakuta chini kabisa pini mbili na bushi zake, vile vipete vya kuzishika, mpya, zimefungwa kwa gazeti la Kireno lililogeuka manjano. Zililingana na bawaba zile. Miaka yote alikuwa nazo! Nikasema, mvivu huyu, nikaendelea. Hata hasira haikuja.

Niliegemeza mlango juu ya kinu nilichokipindua, nikagonga pini za zamani, zikatoka zimekonda katikati kama sabuni inayokwisha. Nikatia mpya, nikapaka grisi. Mlango ukakaa sawa, lakini ukakataa kufunga. Kumbe kila uliposhuka, baba alikishusha na kile chuma cha kwenye nguzo kinachonasa kitasa. Alama za skrubu zilikuwa moja chini ya nyingine. Nimeunyoosha mlango, na vingine vyote vimeshazoea upogo. Siku ya pili nikakipandisha chuma, ukafunga kwa kidole kimoja. Mama alitazama yote kutoka barazani.

Siku aliyotoka eda, ameoga, amevaa nguo mpya, alikuja mpaka kwenye gari.

"Mama," nikamwambia, "baba alikuwa na pini mpya sandukuni. Kwa nini hakuzitia?"

"Mie ndo nlimkataza."

"Ulimkataza?"

"Nlimwambia, ukiutengeneza, hutazunguka tena."

"Basi mbona umeniacha niutengeneze? Siku mbili uko hapo barazani unanitazama."

Alipanda, akakusanya kapulana yake, ile kanga ya kwetu, isinaswe mlangoni.

"Nani angezunguka sasa, mwanangu?"

Akauvuta mlango mwenyewe, ukafunga. Mie nilikuwa nimeshazunguka kumfungia. Nikabaki nimesimama upande wake, mikono mitupu, nikilia kwa mara ya kwanza tangu tumzike.