Skrini Kubwa ya Maalim

Ofisini kwetu Garissa, kitu hakiharibiki kikatengenezwa. Kikiharibika huitishiwa kikao kwanza. Chai huletwa, sukari hutiwa mpaka kijiko kinataka kusimama wima, kila mtu hutoa maoni yake, na anayejua kidogo ndiye husema sana. Mimi ndiye niliyeajiriwa kushughulikia kompyuta, mwanamke wa Mombasa niliyesomea zile programu za ndani kabisa, zinazoongea na vyuma vyenyewe. Basi katika vikao hivyo mimi nilikuwa wa mwisho kuulizwa, na nikiulizwa ni kama kuna maziwa zaidi.

Kazi ya ofisi ni kutayarisha masomo ya redio kwa watoto wanaohama na mifugo, huko Hulugho, huko Eldas, ambao darasa lao ni redio ndogo na kivuli chochote kitakachopatikana siku hiyo. Kila somo, kabla halijasomwa hewani, lilipitia kwa mzee mmoja tuliyemwita Maalim. Alifundisha shule miaka mingi, kisha macho yakamwacha, naye akarudishwa nyumbani kabla ya wakati wake. Kompyuta ndiyo iliyomtoa nyumbani tena. Ilikuwa na programu inayosoma kwa sauti chochote kilichoandikwa, naye alikaa na vipokea sauti masikioni, akasikiliza, akasahihisha. Vijana wa ofisi walimwita adeer, yaani ami kwa Kisomali, naye akawaita adeer vilevile, maana kwao neno hilo huenda na kurudi. Hata mimi niliitwa ami na mzee wa umri wa babu yangu, nikazoea.

Usidhani alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa wembe. Ukimpelekea somo lenye makosa alikuuliza kama umeliandika mwenyewe au umeliokota soko la mbuzi. Nilimpenda sana, na nilimwogopa.

Meneja wetu alitoka bara, na tangu atue Garissa alilalamikia jua kana kwamba liliwashwa kumkomoa yeye. Ndiye aliyeamua kompyuta zote zitumie mfumo huria, ule ambao mtu yeyote anaweza kuusoma, kuufungua na kuurekebisha. Uamuzi mzuri, na nilikuwa nimemshauri mwenyewe. Ila nilipotamka kwamba hauna ada ya leseni, masikio yake yaliziba hapo hapo. Sehemu niliyosema kwamba kitu cha bure kinahitaji mtu wa kukitunza, na mtu huyo anahitaji kupewa nafasi, haikumfikia mpaka leo.

Mfumo ukafanya kazi vizuri kwa miezi. Kisha Jumatatu moja Maalim akafika, akakaa, akabonyeza vitufe vyake, na kompyuta ikawa bubu.

Siku nyingine yoyote ningesema ni jambo dogo. Lakini wiki hiyo, Alhamisi, tulikuwa tunatarajia jopo kutoka Nairobi la kuamua nani abaki na nani aende, kwa kuwa mradi ulikuwa unapunguzwa. Meneja alinivuta kando kwenye ukumbi akaniambia kwa sauti ya huruma ya kununua dukani, "Unajua mimi nampenda mzee. Lakini kipofu na kompyuta isiyoongea, hiyo si kazi, hiyo ni sadaka. Jopo likiniuliza, nitasema ukweli." Nilitamani kummwagia chai. Sikummwagia, nami hadi leo sijui kwa nini.

Nikaenda kwa Maalim. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya kibodi, kama mtu aliyesimamishwa njiani na askari.

"Adeer," akasema, "nilipokosa macho walinipeleka nyumbani nikakaa kwenye mkeka. Kila aliyeingia alinisalimu kwa sauti kubwa, kama kwamba nimekuwa kiziwi, kisha akaongea na mke wangu. Sirudi kwenye mkeka ule."

Nikamwambia inshallah atasikia sauti yake kabla ya Alhamisi. Nilijipiga kifua, kwa kweli. Hapo nilikuwa sijui ninachoahidi.

Kikao kikafanyika kabla sijafungua hata skrubu moja. Mtu wa stoo alisema ni vumbi. Mhasibu alisema ni joto. Mpishi wa chai alisema ni jicho, kwa kuwa wiki iliyopita mgeni mmoja aliisifu sana kompyuta ile bila kusema mashallah. Kisha likaja swali la nani aliigusa mara ya mwisho, na hapo mambo yakawa mazito, maana ukimtaja mtu umetaja na watu wake, na watu wake nao wana watu wao. Wazee wawili wa ofisi wakasuluhisha. Ikakubaliwa kwamba hakuna mkosaji, kwamba kila mmoja amsamehe mwenzake, na Fatiha ikasomwa. Tukaombeana heri tukatawanyika, wote tumesamehewa, na kompyuta bado bubu.

Sasa ngoja niwaambie sisi wasomi wa mashine tukoje, msije mkadhani nawacheka wengine tu. Mtu wa kawaida akikosa sauti huangalia kama waya umechomekwa. Sisi tunaona haya. Sisi tunataka kosa liwe refu, liwe la ndani, liwe la kuandikia makala. Nilikumbuka kwamba mfumo ulikuwa umejisasisha siku chache kabla, nikaamua palepale kwamba mwovu ni draiva ya sauti, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya sauti. Nikateremsha msimbo wa kiini chote cha mfumo. Nikaanza kuusoma. Nikabadilisha hapa, nikaongeza pale, nikakijenga upya kutoka mwanzo, feni ya kompyuta ikinguruma kwa joto la Garissa, nami nimejifunga kitambaa kichwani, najiona mtu wa maana.

Nikaiwasha. Bubu.

Nikarudi kwenye kiini cha zamani. Bubu vilevile. Hapo ndipo nilipaswa kuona aibu na kufikiri upya, lakini nilikasirika tu, nikasoma msimbo zaidi. Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba kumbukumbu za mfumo hazikuonyesha kosa hata moja. Draiva imepakiwa. Kadi imeonekana. Programu ya kusoma inasoma. Kwa mujibu wa kompyuta, kompyuta ilikuwa inaongea tangu Jumatatu bila kupumzika.

"Inasema inaongea," nikamwambia Maalim.

"Hata mwanasiasa husema anafanya kazi," akanijibu. "Inaongea na nani?"

Swali hilo lilinikera kwa sababu sikuwa nimejiuliza. Nikaamuru mfumo uniorodheshee vifaa vyake vyote vya sauti. Vikaja viwili. Cha pili kilikuwa kadi ya kawaida, ile iliyochomekwa vipokea sauti vya Maalim. Cha kwanza, kilichochaguliwa kuwa mkuu, kilikuwa skrini.

Nikainua macho. Skrini ilikuwa mbele yangu, pana kama mlango, inang'aa, na pembeni yake nimeegemeza kikombe changu cha chai tangu Jumatatu.

Ijumaa iliyotangulia, jioni, kompyuta zikiwa zimeshazimwa na mimi sipo, zilikuwa zimeletwa skrini mpya. Nyingi zilikuwa za kawaida, na moja ilikuwa kubwa kupita zote. Swali la nani apewe hiyo kubwa halikuhitaji hata kikao. Mkubwa hupewa kikubwa. Ndivyo nyama inavyogawanywa, ndivyo viti vinavyopangwa, na ndivyo skrini ilivyopelekwa kwa heshima zote mpaka kwenye meza ya mtu pekee wa ofisi asiyeona. Wakaichomeka, wakafuta vumbi, wakamwambia, "Adeer, hii ni yako." Naye akaipokea kwa dua, kwa sababu kukataa heshima ya vijana mbele yao ni kuwatukana. Kabla ya hapo hakuwahi kuwa na skrini. Angefanya nayo nini?

Waya wa skrini zile hupitisha picha na sauti kwa pamoja. Mfumo ulipoona kifaa kipya kinachodai kujua kutoa sauti, nao ukakipa heshima ya mkubwa, ukaanza kumimina maneno yote huko. Na skrini yenyewe haikuwa na spika, ilikuwa na tundu tu la kuchomeka za kwako. Tangu Jumatatu masomo ya watoto wa Hulugho yalikuwa yakisomwa kwa ufasaha ndani ya kioo.

Nikauchomoa waya. Maalim akashtuka kidogo, akainamisha kichwa, akaanza kuandika. Hakunishukuru. Aliniambia tu nisogee, namzibia upepo wa feni. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, kwa furaha na kwa kujikasirikia mwenyewe, nikanawa uso nikatoka.

Ungedhani yameisha. Jumatano asubuhi kompyuta ilikuwa bubu tena. Mtu wa stoo alipita mapema, akaona skrini ya mzee imezimika, akauchomeka waya. Nikauchomoa. Baada ya swala ya adhuhuri mhasibu akauchomeka. Nikauchomoa, nikawaeleza wote, polepole, kwa mifano. Wakanielewa vizuri kabisa. Kisha mtu wa stoo akaniuliza kwa upole kama kweli nataka vijana wadogo wa ofisi wakae na skrini na mzee akae mbele ya meza tupu, siku ambayo wageni wanakuja. Watu watasema nini? Watasema hapa hakuna adabu.

"Lakini haoni," nikasema.

"Sisi tunaona," akanijibu.

Na mimi nilitoka kwenye ndoto zangu za kusoma msimbo nikafanya kazi ya kweli ya mtu wa mifumo, ambayo ni kutafuta njia ya kuishi na binadamu. Niliuacha waya mahali pake. Nikaandika mistari michache katika faili moja, nikaukataza mfumo usipakie kabisa ile draiva ya sauti ya skrini, si leo, si kesho, si hata skrini ikiletwa kubwa kama ukuta. Nikawasha upya. Skrini ikawaka kwa fahari, sauti ikaingia masikioni mwa Maalim, na heshima ya kila mtu ikabaki salama. Mistari ile ni mifupi kuliko aya hii, na naijivunia kuliko programu zangu zote ndefu.

Alhamisi jopo likafika. Mwenyekiti wao alikuwa bwana wa suti, jasho linamtiririka, na meneja alimfuata pembeni, upande wa kulia, kama kivuli cha saa sita kilichogoma kupungua. Wakapita meza baada ya meza. Walipofika kwa Maalim walimkuta anaandika kwa kasi, vipokea sauti masikioni, na ile skrini kubwa imezimwa giza totoro. Alikuwa ameizima mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa inamchoma uso.

Mwenyekiti akasimama. "Huyu mzee anafanya nini? Mbona kompyuta yake haijawashwa?"

Meneja akasafisha koo. "Ndiyo lile suala nililokueleza, mheshimiwa. Inasikitisha."

Nilifungua mdomo. Maalim aliniwahi. Alichomoa vipokea sauti, na sauti ikatoka kwenye spika ndogo ya kompyuta yenyewe, mfululizo, haraka mno, maneno yamebanana hata huwezi kutenga moja. Mimi mwenyewe sikuambulia kitu. Jopo zima likarudi nyuma hatua moja.

"Imeharibika?" akauliza mwenyekiti.

"Haijaharibika, mheshimiwa," akasema Maalim. "Ndivyo ninavyosoma. Nikupunguzie mwendo?"

Akapunguza. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Akapunguza tena. Bado. Akaendelea kupunguza kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, mpaka sauti ikawa inatembea, na tukasikia wote somo linalomfundisha mtoto jinsi ya kujua maji ya kisima yakiwa si salama. Maalim akalisimamisha katikati, akarekebisha neno moja lililokosewa, akaliacha liendelee. Hakuna aliyekaa. Tulisimama tukasikiliza mpaka mwisho.

Mwenyekiti akageuka. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzee huyu anabaki," akasema. "Na nani alikuwa akiniambia kwamba hawezi kazi?"

Ofisi nzima ikatazama sakafu. Meneja, Mungu amsamehe, akanitazama mimi.

"Yuko kulia kwako, mheshimiwa," akasema Maalim, huku akirudisha vipokea sauti masikioni. "Namsikia anavyohema."