Viatu vya Mkaguzi

Mwezi jana nilikuwa kwenye foleni ya leseni za baiskeli pale Boma, Arusha, mama mmoja wa Kimeru alipoweka chupa mbili za maji mbele ya karani. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Usa River.

"Lile tuta la bwawa la tope la kuoshea kokoto, pale machimboni juu ya migomba yetu, linavuja," alisema. "Haya yametoka wiki jana." Yalikuwa safi. "Haya ni ya leo." Yalikuwa mekundu kwa udongo. "Sasa tuta lenyewe linaondoka na maji."

"Mama, limekaguliwa," karani alijibu, akamwonyesha mkaguzi mwenyewe, Mzungu aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi.

"Nimepita tuta lote," mkaguzi alisema. "Ni kavu."

"Ulipita juu, Bwana, tena na viatu. Sisi tukikagua mifereji yetu tunapita chini, miguu mitupu. Unyayo unasikia baridi ya maji kabla macho hayajayaona." Akaketi kwenye benchi. "Nangoja twende wote."

Alingoja hadi saa nane. Gari la mkaguzi lilipoondoka alikuwa amekaa mbele, chupa mapajani.

Siku mbili baadaye nilipita machimboni. Kazi ilikuwa imesimamishwa, vibarua wanapanga mawe chini ya tuta kulitegemeza, na mkaguzi anawasimamia, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vinaning'inia shingoni.

Siku hizi nikisoma ripoti ya serikali, nataka kwanza kujua kama aliyeiandika alivua viatu.